Kompyuta za steshenari, kila mtu anachomeka flashi yake: niweke antivairasi gani?

#1 Mchapaji wa Kihonda (mleta uzi)

Wakuu, habari za usiku huu.

Nina steshenari yenye mashine nne hapa Morogoro, jirani na chuo. Mbili ni za wateja, wanakaa wenyewe wanaandika na kujaza fomu. Moja ni ya kuchapa, naishika mimi au binti anayenisaidia. Ya nne ni ya skana. Zote mitumba, Core i5 kizazi cha nne, RAM GB 8, Windows 10.

Jana asubuhi kaja kijana wa mwaka wa tatu, anataka kuchapa ripoti yake ya utafiti nakala tatu na kuzifunga. Kachomeka flashi, ndani folda zake zote zipo, ila kila moja ina kamshale kadogo pembeni. Alipobofya, dirisha jeusi likapita kama kope, halafu folda ikafunguka kama kawaida. Nikajua tumeumia. Nikamwambia flashi yake ina virusi vya shotikati. Akaniangalia: "Ilikuwa nzima juzi, na mara ya mwisho niliichomeka hapa hapa kwako."

Hakupayuka, ila foleni ilisikia. Dada mmoja aliyekuwa nyuma yake alikuwa ameshatoa flashi yake mkononi. Akairudisha kwenye pochi taratibu, akaondoka bila kusema neno. Hilo ndilo lililoniuma.

Nishawahi kununua antivairasi ya kulipia, leseni ya mwaka, kwa jamaa mmoja wa kuzungusha mitandaoni. Wiki ya tatu ikaandika leseni imezuiwa. Kumbe ufunguo mmoja kauzia watu wengi. Tangu hapo naitegemea Defender inayokuja na Windows, na jana nimeona faida yake.

Naomba ushauri: kwa mashine dhaifu, intaneti ya bando la kuunga-unga, na watu zaidi ya 50 kwa siku, niweke ipi? Niko tayari kulipa safari hii, ila nilipie kitu cha maana.

#2 Kibatari

Naweka kambi hapa, wajuzi waje. Pole mkuu. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu ripoti ikipotea anaweza kuhamia hapo dukani na godoro.

#3 Toa Flashi

Smadav. Mjadala umefungwa. Ni ndogo, haili RAM, na kazi yake hasa ni flashi. Ilitengenezwa Indonesia, huko nako watu wanaishi kwa flashi kama sisi.

#4 Nipe Nondo

#3 hujakosea, ila humalizi. Smadav yenyewe imetengenezwa iwe ya nyongeza, ikae pembeni ya antivairasi nyingine. Ukiiacha peke yake ni kama kumwajiri mlinzi anayelinda dirisha la jikoni tu.

Mimi natumia ESET, ile watu wazima wanaiita NOD32, kutoka Slovakia. Kwenye mashine za zamani ni nyepesi kwelikweli. Bitdefender ya Romania nayo inafanya vizuri kwenye majaribio ya AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria. Hao wawili ndio wa kusoma, siyo video za "antivairasi 10 bora", ambazo kila kiungo chini yake kina kamisheni ya mwenye video. Defender ni ya watu wa nyumbani.

#5 Fundi Bila Kelele

Mleta uzi, kabla hujatoa hata shilingi, nijibu maswali mawili.

La kwanza: hiyo Windows nani alikuwekea, na Office umeipataje?

La pili: kwenye mashine mojawapo ya wateja fungua Windows Security, ingia sehemu ya virusi, shuka mpaka mwisho kwenye orodha ya vitu ambavyo Defender imeambiwa ivipuuze. Kuna nini hapo?

#6 Mchapaji wa Kihonda

Mkuu Fundi, Windows na Office aliniwekea fundi mmoja wa mtaani, mwaka juzi, zote nne kwa mpigo. Alikuja na flashi yake, akamaliza jioni. Sikumuuliza kazipata wapi, na najua unaelekea wapi.

Hiyo orodha nimeifungua sasa hivi. Kwenye mashine zote mbili za wateja kuna mstari mmoja: C:\

Hii ina maana gani? Isije ikawa ni ile ninayoifikiria.

#7 Fundi Bila Kelele

Ndiyo hiyo hiyo. Defender yako imeambiwa isiguse chochote kwenye diski nzima ya C. Kila siku inakuonesha tiki ya kijani, na kila siku imefumba macho.

Inavyotokea ni hivi. Fundi anataka kuwasha Windows na Office za kuchakachua, anatumia kiamsha, yaani programu ya kuziwasha bila leseni. Defender inakikamata na kukifuta, kwa hiyo anaizima kwa muda, kisha anaweka C nzima kwenye orodha ya kupuuzwa ili kiamsha kisifutwe tena. Anaiwasha, inaonekana nzima, anachukua hela yake anaondoka. Nimezikuta nyingi za namna hii. Mara nyingine kiamsha chenyewe ndicho kilichobeba mdudu.

Usiniamini kwa maneno, jaribu. Taasisi ya EICAR ina faili la majaribio, mstari mmoja wa herufi 68, hauna madhara yoyote, ila antivairasi zote zimekubaliana kuuchukulia kama virusi. Chukua huo mstari kwenye tovuti yao, ubandike kwenye Notepad, hifadhi kwa jina eicar.com kwenye Desktop. Defender iliyo hai inalipiga sekunde hiyo hiyo. Sasa kaone yako.

Na #4, habari ya "Defender ni ya nyumbani" ilikuwa kweli enzi za Windows 7, pale tulipokuwa tunapakua Security Essentials pembeni. Kwenye hao wapimaji wawili uliowataja, leo Defender inakaa na hizo za kulipia, siyo mkiani. Tena kuna jambo la leseni ambalo hapa watu wanalipita: Avast na AVG za bure ni za matumizi binafsi. Dukani huruhusiwi. Defender inakuja na Windows yenyewe, maadamu Windows ni halali.

#8 Mchapaji wa Kihonda

Nimefanya. Kwenye mashine ya mteja faili la EICAR limekaa Desktop kama mgeni aliyekaribishwa chai. Dakika kumi, kimya. Kwenye laptopu ya binti, ambayo ilinunuliwa dukani na Windows yake, sikumaliza hata kuhifadhi, likayeyuka na onyo likaruka pembeni.

Nimekaa kwenye kiti nikacheka peke yangu. Mwaka mzima na nusu.

#9 Nipe Nondo

Sawa, hiyo nimeikubali. Ila kwa aliyekuwa anafikiria za bure za majina makubwa: mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliilima Avast dola milioni 16.5 kwa kuuza historia za watu za kuperuzi kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot. Jumpshot yenyewe ilifungwa 2020. Siku hizi Norton, Avast, AVG na Avira zote ziko nyumba moja, Gen Digital, kwa hiyo ukihama kutoka moja kwenda nyingine umebadilisha chumba tu.

#10 Saiba ya Bamburi

Salamu kutoka Mombasa. Mie nina saiba miaka kumi na kidogo, na nimewaacha mumalize habari za antivairasi ndipo niseme langu.

Kompyuta ya umma dawa yake si antivairasi. Ni kuifanya isahau. Sisi twatumia Deep Freeze ya Faronics: waipanga mashine unavyotaka, waigandisha, na kila ikizimwa na kuwashwa yarudi vile vile ilivyokuwa. Mteja akiweka mchezo, akileta mdudu, akibadilisha picha ya ukutani, asubuhi hakuna. Kuna na nyengine za kazi hiyo hiyo za bei nafuu, tafuta.

Mambo mawili yatakuuma ukianza. La kwanza, mteja aliyehifadhi kazi Desktop umeme ukakatika, imekwenda. Kwa hiyo tenga diski D isiyogandishwa, na ubandike karatasi juu ya skrini kwa maandishi makubwa. La pili, mashine iliyogandishwa yasahau pia apdeti zake. Kila wiki lazima uigandue, uiapdeti, uigandishe tena. Mie nafanya Jumapili usiku.

#11 Mama Wawili

Jamani na sisi wa nyumbani tusaidieni. Kompyuta moja, baba yao anafanyia kazi za ofisi, mimi hesabu za duka, watoto wawili michezo. Mkubwa anatafuta "Robux za bure", zile hela za mchezo wa Roblox, kila siku, na kila siku kuna kitu kipya kimejiweka kwenye brauza. Nataka kununua antivairasi yenye ulinzi wa familia. Nisinunue?

#12 Fundi Bila Kelele

Mama, usinunue kwanza. Je, wote mnaingia kwa akaunti moja? Nina hakika ndiyo, na ni ya adimini.

Fungua akaunti nne. Adimini ibaki moja, yenye pasiwedi ambayo watoto hawaijui, na hata wewe usiitumie kwa kazi za kila siku. Wengine wote akaunti za kawaida. Mtoto akitaka kuweka programu inayogusa mashine nzima itaomba pasiwedi, atakuja kukuita, utaona anachoweka. Kisha ndani ya Windows Security washa kinga ya programu zisizotakiwa. Hivyo vya kwenye brauza vingi vinadakwa hapo. Ulinzi wa familia nao Microsoft wanautoa bure, unapanga masaa na tovuti.

Kwa mafaili ya baba, kuna kinga ya folda dhidi ya virusi vya kufunga mafaili na kudai fidia. Ipo kwenye Defender tangu 2017 ila huja ikiwa imezimwa. Iwashe. Siku za kwanza itasumbua programu moja mbili, unaziruhusu, basi. Na mwambie baba nakala za kazi zikae pia kwenye diski ya nje isiyoachwa imechomekwa.

#13 Toa Flashi

Fundi, hapo kwenye akaunti za kawaida nakupinga kidogo kwa upande wa mleta uzi. Virusi vya shotikati havihitaji adimini. Ni skripti tu ya VBS, inajificha kwenye folda za mtumiaji yule yule, inaamka naye akiingia, inakaa kwenye kumbukumbu kwa jina la wscript.exe, ile programu ya Windows ya kuendesha skripti, na kusubiri flashi. Mteja akiwa na akaunti ya kawaida itamkula vile vile.

#14 Fundi Bila Kelele

Toa Flashi, leo umeongea. Kweli kabisa. Akaunti ya kawaida inazuia mdudu asizime Defender na asienee kwa watumiaji wengine wa mashine, haizuii asikae kwa huyo mmoja. Ndiyo maana steshenari inahitaji na dawa ya Bamburi juu yake.

Na kuna ujanja wa bure: mafaili ya .vbs na .js yapangie yafunguliwe na Notepad badala ya kuendeshwa. Skripti nyingi za aina hii zikibofywa linafunguka karatasi la maandishi ya ajabu ajabu, basi. Ila zipo zinazomwita wscript moja kwa moja, kwa hiyo usilale.

Mleta uzi, flashi ya yule kijana bado unayo? Mafaili hayajapotea, yamefichwa tu. Mashine ikishasafishwa, chomeka, angalia imepewa herufi gani, kama ni E fungua dirisha la amri uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zake zitarudi. Halafu futa zile zenye kamshale na skripti iliyokaa nazo. Usikosee herufi ya diski.

#15 Pengwini wa Sinza

Wekeni Linux Mint mlale usingizi.

#16 Mchapaji wa Kihonda

Pengwini, nilishajaribu mwaka jana kwenye mashine moja. Mteja analeta barua ya Word yenye jedwali, LibreOffice inaifungua, jedwali linahamia ukurasa wa pili, nembo ya kanisa inakaa juu ya jina la mchungaji. Nilirudisha Windows siku hiyo hiyo.

#17 Pengwini wa Sinza

Sikubishii hapo. Basi usiipe wateja. Tafuta kimashine chochote kibovu-bovu, hata cha RAM GB 4, weka Mint, kiwe mlangoni. Kila flashi inapita hapo kwanza. Linux haiendeshi hizo skripti za Windows, na ukiiambia ioneshe vilivyofichwa, mdudu na mafaili halisi unawaona pamoja mchana kweupe. Unafuta, unampa mteja flashi yake, anaendelea. Sekunde thelathini.

#18 Kibatari

Hii ya mlangoni nimeipenda. Kama geti la hospitali wakati ule wa kupimwa joto.

#19 Binti wa Fomu

Nafanya kazi steshenari pia, naomba niseme la upande wangu maana mnaongea virusi tu. Kwetu watu wanajaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu, ajira za serikali, wanaingiza namba za NIDA. Juzi nilifungua Chrome ya mashine ya wateja, sehemu ya pasiwedi zilizohifadhiwa. Nilishusha mpaka kidole kikachoka. Kila mteja aliyeulizwa "nihifadhi?" alibofya ndiyo. WhatsApp ya mtu ilikuwa imeunganishwa tangu wiki iliyopita, meseji zinaingia mbele yangu.

Antivairasi gani itazuia hilo? Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023. Siku mteja akija na mwanasheria hataulizia Defender.

#20 Fundi Bila Kelele

Dada, huu ndio mchango wa uzi. Chukua shotikati ya Chrome ya Desktop, ingia kwenye sifa zake, mwisho wa mstari wa njia (Target), nje ya alama za kunukuu, acha nafasi uongeze --guest. Kuanzia hapo brauza inafunguka kwa hali ya mgeni: ikifungwa, historia na pasiwedi zote zinaondoka nayo. Futa hizo za zamani zote leo. Na WhatsApp, chukueni namba ya duka, mteja awatumie faili ninyi, asiunganishe ya kwake.

#21 Nipe Nondo

Swali la mwisho ambalo hamjaligusa: ni Windows 10. Ilifikia mwisho wa msaada tarehe 14 Oktoba 2025. Kizazi cha nne hakiingii Windows 11 kihalali, inataka Intel kizazi cha nane na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Anafanyaje?

#22 Fundi Bila Kelele

Microsoft walisema orodha za virusi za Defender kwenye Windows 10 zitaendelea mpaka Oktoba 2028. Ila orodha ya virusi siyo kiraka cha tundu la Windows yenyewe. WannaCry, ile ya kufunga mafaili na kudai fidia ya Mei 2017, iliingia kupitia tundu ambalo kiraka chake kilishatolewa Machi. Waliolizwa ni wale ambao hawakukiweka. Kwa hiyo hiyo hela ya antivairasi, mimi ningeiweka kwenye kibubu cha mashine moja ya kizazi cha nane. Ya wateja ndiyo ianze.

#23 Mchapaji wa Kihonda

Wakuu, wiki tatu zimepita, narudisha majibu.

Windows nimeipiga upya mashine mbili za wateja na ile ya kuchapa, bila viamsha. Leseni nimenunua kwanza ya mashine ya kuchapa, za wateja nazifuatilia mwezi huu. Office kwa wateja nimeondoa, wanatumia ile ya Microsoft ya bure ya kwenye brauza. Inalalamikiwa, lakini jedwali halihami. Pia nimetafuta ya kugandisha kama alivyosema ndugu wa Bamburi, nimechukua ya bei nafuu. Siku ya pili umeme ulikatika, mteja akapoteza barua ya kurasa mbili. Nilimwandikia mimi mwenyewe upya, bure. Karatasi ya "HIFADHI D" iko juu ya skrini sasa, maandishi mekundu.

Defender tu, hakuna kingine. EICAR nimeirudia kwenye zote tatu, inayeyuka. Suala la bando: nilikuwa nimeweka mtandao wa simu kama wa kulipia kwa kipimo, Windows ikawa haipakui apdeti yenyewe, na orodha ya virusi ilikuwa ya zamani mno. Sasa kila asubuhi binti anafungua ukurasa wa apdeti, anaangalia tarehe, kama siyo ya leo au jana anabofya mwenyewe.

Mashine ya mlangoni nimeipata, laptopu ya shemeji iliyovunjika bawaba, ina Mint. Wiki ya kwanza tumekamata flashi tisa. Nilidhani wateja watanuna, kumbe wanasimama kuangalia, mmoja kaja na za wenzake wa bwenini.

Yule kijana folda zake zilirudi zote kwa ile amri. Kachukua nakala zake tatu, kufunga sikumtoza.

Iliyobaki ni ya skana. Draiva yake ni ya zamani, ukiingia kwa akaunti ya kawaida inagoma, inataka adimini kila mara. Sitaki kumpa binti pasiwedi ya adimini kwa ajili ya skana tu. Mwenye dawa ya hiyo anisaidie.

#24 Toa Flashi

Taja modeli ya skana.